Mnara wa Chumba cha Nyuma

Mume wangu ni mwalimu wa udereva, na kama ulijifunza gari kwake, nakwambia bila kuuliza ulijifunzia wapi kurudi nyuma: chini ya mnara wa simu. Kupanda kilima na kuachia klachi taratibu, karibu na mnara mwingine. Kuegesha, mbele ya ile shule yenye mnara mdogo juu ya paa. Wanafunzi wanadhani ni mtaala. Mtaala gani? Ni mtu mzima na ndevu zake, anazunguka mji mzima kutazama vyuma, na mtoto wa watu anatokwa jasho kwenye usukani.

Nyumbani tunamwita Injinia. Mimi ndiye niliyeanza, kwa kejeli, yeye akalipokea kama cheo. Sikumzuia. Hanywi, halali nje, na mwanamke mwenye mume wa hivyo hujifunza kunyamazia mengine. Kipenda roho hula nyama mbichi, na roho ya mume wangu ilipenda minara. Alikuwa na kundi la wenzake kwenye simu, watu wenye kazi zao na wengine wenye wajukuu. Mafundi wa kampuni wakipanda kubadilisha vifaa, wakashusha vile vibao virefu vyeupe na kupandisha vifupi vinene, kundi linachangamka kama kuna harusi. Kila mnara una namba yake, na simu inaweza kukuonyesha imeshika namba gani ukijua pa kubonyeza. Wao namba hizo walizijua kwa kichwa. Mnara wa sokoni ulipopandishwa daraja ukawa wa 5G, aliniambia kitandani kwa sauti ambayo wenzangu huambiwa mtoto amefaulu mtihani.

Simu za nyumba nzima zilikuwa chini ya mamlaka yake. Betri isishuke sana wala isijae hadi juu. Simu isilale chini ya mto, inachemka. Kila Jumapili tunazileta mezani, anazizima, anaziwasha, anafuta picha zilizojirudia, anasafisha tundu la chaji kwa kijiti cha meno. Kijiti cha mti, siyo sindano. Siku moja nilitumia sindano. Alinitazama kama nimempiga mtoto, na chakula cha jioni alikula bila kuniambia neno.

Natangulia kusema haya ili ujue hakuwa mtu mbaya. Hasira naye ninazo mpaka leo, lakini ubaya hakuwa nao.

Mdogo wangu alikuja kukaa kwetu akiwa na mimba ya kwanza. Ni kitinda mimba wa marehemu mama, tumepishana miaka mingi, na tulipofiwa mimi ndiye niliyemlea, kwa hiyo kwangu ni mdogo na ni mwana. Mume wake anafanya kazi machimboni, mbali, anarudi kwa likizo tu. Daktari alimwambia ana presha ya mimba: alale, asipande ngazi, na siku atakapoumwa kichwa kisichotulia au kuona vimulimuli machoni, aletwe papo hapo. Nikamuuliza daktari, papo hapo maana yake nini, maana mimi nina kazi. Akasema, "Mama, papo hapo ni papo hapo."

Sisi tunaishi ghorofa ya juu kabisa. Mimi niko kwenye kiwanda cha kufulia, tunapokea mashuka ya hoteli na ya hospitali, nasimamia upande wa pasi. Kuacha kazi sikuweza. Injinia mchana yuko barabarani na wanafunzi wake. Kwa hiyo mdogo wangu alibaki peke yake chumba cha nyuma, na kati yake na kaburi kulikuwa na simu. Nilimwambia mume wangu hivyo hivyo, nimeshika kiuno. "Simu ya huyu mtoto ikikatika siku ya siku, mimi na wewe tutaonana wabaya."

Shida ni kwamba chumba cha nyuma kilikuwa kibaya kwa mtandao. Kuta nene, dirisha linatazama ukuta wa jengo la pili. Simu ya mdogo wangu ilitangatanga, mara inashika mnara huu, mara ule, na kila inapohama sauti inakatika. Na msimu huo ndio kampuni ilikuwa inapandisha daraja minara ya upande wetu, mmoja unazimwa leo, mwingine unawashwa kesho. Injinia hakukasirika hata kidogo. Aliombwa afanye kile alichokuwa anakifanya kwa kuiba. Alitembea nyumba nzima amenyoosha mkono wenye simu kama mtu anayetafuta alikodondosha shilingi gizani, mpaka juu ya sinki la choo alisimama, na sinki lina ufa hadi leo.

Chumba cha nyuma akakuta mnara mpya.

Alikuja jikoni ananong'ona. Namba ile yeye haijui, na kundi zima wameulizana, hakuna anayeijua. "Umejaa, mke wangu," akasema. "Mistari yote. Na haupungui. Mnara wowote ukigeuka tu unapungua, ukifunga mlango unapungua. Huu ukifunga mlango uko vilevile." Nikamuuliza uko wapi basi, tukautazame. Akasema hapo ndipo kichwa kinapomuuma. Sebuleni haupo. Kwenye ngazi haupo. Juu ya paa haupo, na juu ya paa alipanda kweli, na viatu vya kazini. Uko chumba cha nyuma peke yake, na unazidi nguvu kadiri unavyosogelea kitanda.

Mimi nilikuwa nakata vitunguu. Nikamwambia, kama kitanda kimepata mnara wake, tushukuru, tusiulize maswali mengi.

Sasa, kuna namna ya kuilazimisha simu ishike mnara mmoja tu na isitazame mwingine. Watu wa kawaida hatufanyi hivyo, wala hatujui kama inawezekana. Wanaofanya ni hao wa kundi, wakitaka kuupima mnara mmoja bila mingine kuwaingilia. Injinia akaichukua simu ya mdogo wangu, akaipangusa kwa kile kitambaa chake cha miwani, akabonyeza anapopajua, akaifunga kwenye mnara ule. "Haitatangatanga tena, shemeji," akamwambia. Mtu mwingine yeyote angeogopa kumfungia mgonjwa kwenye mnara ambao hakuna aliyeuona kwa macho. Yeye aliona mistari imejaa, akaridhika.

Mwanzoni nilimbariki. Nilikuwa nampigia mdogo wangu kila siku saa ya chakula, nimesimama kwenye korido ya stoo kwa sababu ndani mashine zinanguruma. Sauti yake ilikuja safi, karibu mno, kama amenilalia begani. Umekula? Nimekula, dada. Kichwa? Hakiumi, dada. Macho? Naona vizuri, dada, wewe fanya kazi. Nakata. Mimi si mtu wa simu. Napiga, nauliza ninachotaka kujua, nakata. Hata marehemu mama alikuwa akinilalamikia kwamba kuongea na mimi ni kama kuongea na karani wa benki.

Jioni moja nikamkuta amechangamka, mashavu yamejaa. "Asante kwa leo, dada," akasema. "Nimecheka mpaka mtoto akanipiga teke." Nikamuuliza kwa lipi, mbona nilimuuliza umekula nikakata. Akanipiga kibao cha pajani, akaniambia niache utani. Siku nyingine nikakuta chakula nilichomwachia kipo vilevile, kimefunikwa na sahani. Nikamgombeza, si umeniambia umekula? "Hukuniuliza chakula," akasema, na alishangaa kweli. "Tuliongea habari za mama." Nikaenda jikoni nimenuna. Wajawazito husahau, nilijiambia, na mimi mwenyewe nimechoka, joto la pasi linachemsha ubongo. Mtu ukitafuta sababu hukosi.

Moja tu lilinikaa kooni. Alisema, "Sikujua kwamba unajua kuimba."

Mimi siimbi. Kwenye harusi za watu nafungua mdomo tu nisionekane nina kiburi. Nikamwambia hivyo.

"Ulinivumia ule wimbo wa mama," akasema. "Ule usio na maneno, aliokuwa ananilazia."

Nilisimama mlangoni na bakuli mkononi. Wimbo ule naujua. Tangu mama azikwe sijawahi kuuvumia mbele ya mtu, nikiuanza tu koo linakaba. Nikahisi baridi mgongoni, na kwa sababu sikujua niifanyie nini baridi hiyo, nikamwambia alale.

Linalofuata sikulijua siku ile, niliambiwa baadaye. Jumamosi, nikiwa kazini, Injinia alikuwa na mapumziko akaamua kuupima mnara wake. Akakaa kwenye kiti pembeni ya kitanda. Mdogo wangu alikuwa amelala usingizi wa mchana, simu yake iko kwenye kigoda. Injinia akampigia. Ile ya kwenye kigoda haikuita, haikuwaka hata taa. Lakini sikioni kwake iliita, ikapokelewa, na mdogo wangu akasema, "Haloo, shemeji."

Injinia akamtazama. Amelala, mdomo umefumba, kifua kinapanda na kushuka polepole.

"Uko wapi, shemeji?" akauliza.

"Niko hapa, nimelala," sauti ikasema. "Mbona unanitazama hivyo?"

Mwanaume mwingine angeifungua simu ile dakika hiyo hiyo. Mume wangu alitetemeka, hilo namkubalia, aliniambia alienda kukaa kwenye vigae vya bafuni mpaka miguu iliporudi. Lakini ilipokwisha kurudi alianza kutamani kundi lisikie. Akapanga moyoni kwamba Jumatatu atarudi mapema, arekodi, halafu ndipo aifungue. Hakuniambia kwa sababu alijua nitasema nini. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na tumbo lililoumia halikuwa lake.

Jumatatu nikapiga kama kawaida. Nimekula, dada. Hakiumi, dada. Naona vizuri, wewe fanya kazi. Nilikuwa nimeshaondoa simu sikioni, nikairudisha, kwa sababu nilihisi kuna kitu kinakosekana. Jengo letu lina pampu ya maji upande wa nyuma, inanguruma kutwa, na ukiongea kwa simu na mtu wa chumba kile lazima uisikie. Haikuwepo. Hakukuwa na chochote nyuma ya sauti ya mdogo wangu, hata kuhema.

"Uko chumbani?" nikauliza.

"Niko hapa, dada."

"Mbona kimya hivyo?"

Akanyamaza kidogo. Kisha pampu ikaanza kunguruma nyuma yake.

Nikajiambia umeme ulikatika, umerudi. Nikarudi ndani, nikasimamia mashuka ya watu, na msichana mmoja aliyeunguza foronya nilimfokea zaidi ya alivyostahili.

Alasiri ikaingia simu ya namba nisiyoijua. Mwanaume, anahema. Alikuwa ni yule mpeleka mitungi ya gesi wa jengo letu. Alikuwa anampandishia jirani yetu mtungi, akakuta mlango wetu uko wazi na mdogo wangu amelala kizingitini, nusu ndani nusu nje, povu mdomoni, simu bado iko sikioni. Namba yangu aliiona mlangoni nilipoibandika mimi mwenyewe. "Mama, nimemshusha, niko naye garini, tunakimbilia hospitali."

Nikamwambia amekosea mtu. Nikamwambia mdogo wangu nimeongea naye mchana huu, ni mzima.

"Mama," akasema yule baba, kwa upole kabisa, "huyu si mzima."

Walimpasua jioni ile. Mtoto wa kike, mdogo kama mkate, lakini analia. Mama yake alikaa bila fahamu mpaka siku ya pili, na mimi nikakaa kwenye benchi nje ya wodi na sare ya kazini, nimeahidi kila ninachojua kuahidi. Sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa kwenye lile benchi. Aliponitambua, alinyoosha mkono.

"Asante, dada," akasema. "Hukuniacha."

Nilidhani ni dawa za usingizi. Akanihadithia kwa vipande, midomo imekauka. Kichwa kilianza asubuhi, mara tu tulipotoka. Vimulimuli vikafuata. Akanipigia, nikapokea mara moja, nikamwambia asiogope, niko njiani. Akaniomba nisikate, sikukata. Nikavuta pumzi naye. Nikamvumia wimbo wa mama. Alipotaka kupiga kelele jirani asikie nikamkataza, nikamwambia unajichosha bure, nimekaribia. Kila alipouliza uko wapi nilijibu. Nimefika kona. Nimefika chini. Napanda ngazi.

"Halafu ukasema uko mlangoni na huna ufunguo," akasema. "Nikatambaa, dada. Macho yalikuwa giza, nafuata sauti yako tu. Nikafungua. Ukasema, umefanya vizuri. Baada ya hapo sikumbuki."

Akalala tena, ameshika kidole changu. Sikuweza kukitoa.

Nimekaa na jambo hili muda mrefu sasa. Sote tunasema niko njiani wakati hata viatu hatujavaa. Sote tunasema nzima, salama, na homa inatuchemsha. Ndivyo tulivyolelewa, huanzi kumwagia mtu shida kabla hajakaa. Kitu kile, sijui nikiite nini, kilitujibu kwa maneno yetu wenyewe ya kila siku, mimi kwa sauti yake, yeye kwa sauti yangu, na hakuna aliyeshtuka kwa sababu hakuna lililokuwa geni. Wala sijui kilitaka kumuua au kumwokoa. Asubuhi nzima kilimzuia kupiga kelele. Kisha kikamfungulisha mlango, na mlango ndio uliomponya. Injinia aliwahi kusema labda hakikutaka yeye atoke, labda kilitaka chenyewe kuingia. Nikamwambia asirudie kusema hivyo ndani ya nyumba yangu.

Alinieleza habari za Jumamosi tukiwa uani mwa hospitali, amekaa kwenye ukingo wa bustani, anajikunja vidole. Nilimpiga. Nasema wazi, nilimpiga kwa mkoba mpaka mlinzi akaja kutuamua. Yeye hakujikinga. Siku ile ile akaifungua simu ya mdogo wangu, ikarudi kutangatanga kwenye minara ya watu wote, na yeye akajitoa kwenye kundi. Siku hizi anafundishia kurudi nyuma kwenye uwanja wa mpira, na akipita chini ya mnara anatazama viatu vyake.

Nikadhani yamekwisha.

Mdogo wangu alipopata nguvu tulimkalisha chini, mimi na mume wangu, tukamweleza kila kitu. Alitusikiliza huku ananyonyesha, anatabasamu. "Nisiijue sauti yako, dada?" akasema. "Wewe uliyenilea?" Nikamwambia siku ile nilikuwa kiwandani napiga pasi, muulize yeyote. Tabasamu likaondoka. Alinitazama kama mtu aliyeona mkono unaingia kwenye mfuko wake.

"Usiseme hivyo tena," akasema. "Naomba usininyang'anye."

Tukamwacha. Lakini kuanzia hapo nikawa namwona ananipima. Nikimpigia mchana anasema, siku hizi unaongea haraka. Anasema, kwenye simu ulikuwa mtu mwingine, ulikuwa na nafasi. Naapa nilijaribu. Nilikaa kwenye korido ya stoo natafuta la kusema. Nilimhadithia msichana wa foronya, nikamhadithia mashine mpya ya kukamua, nikamsikia anapiga miayo. Siku moja nilifunga mlango wa stoo nikaanza kumvumia wimbo wa mama. Koo likakaba kwenye mstari wa pili, kama nilivyojua litakaba. "Basi, dada," akasema, kwa huruma, na huruma hiyo ilinichoma kuliko tusi.

Mtoto alipotimiza uzito, mume wa mdogo wangu akaja kuwachukua kuwapeleka machimboni. Kabla ya kuondoka mdogo wangu alimwomba Injinia aifunge simu yake tena kwenye ule mnara. Injinia alikataa, machozi yanamlengalenga, akamwambia mnara ule ni wa chumba cha nyuma, huko aendako haupo. "Sawa, shemeji," akasema, wala hakubisha. Kumbe alikuwa ameshajifunza pa kubonyeza. Alimwona Injinia akibonyeza mara moja tu, ikamtosha.

Niligundua hivi. Nilimpigia siku chache baada ya kufika, sauti ikaja safi, karibu, begani kabisa. Mzima, dada. Mtoto mzima. Amekula, amelala. Nikasema, hebu nimsikie mtoto.

Kimya kidogo. Kisha mtoto akalia.

Nikakata. Nikampigia mume wake, naye akafurahi kunisikia, maskini. Akanishukuru. Alisema tangu wafike mke wake anaongea na dada yake kutwa, na moyo wake umetulia kweli, hata hamuulizi tena atatoka zamu saa ngapi. Kisha akasita. Akasema, ila shemeji, kama ungemwambia apunguze kidogo. Nikitoka zamu nakuta mtoto amelia mpaka amekauka sauti, na mama yake yuko kwenye simu, anacheka. Chakula hapiki. Nikimgusa bega ananionyesha kidole, nisubiri.

"Kutwa?" nikamuuliza.

"Kutwa, shemeji. Hata sasa hivi nimemwacha anaongea na wewe."

Niliomba ruhusa kazini nikaambiwa hapana, nikaondoka hivyo hivyo. Injinia alitaka kuja, nikamkatalia, nikamwambia amesaidia vya kutosha. Nilifika huko mchana kweupe. Nyumba za wafanyakazi zimepangwa mistari, zote za namna moja, milango ya chuma ya rangi ya kijivu, vumbi jekundu hadi madirishani. Yake niliijua kabla ya kusoma namba, kwa sababu ya kilio. Mtoto alikuwa analia kilio cha kweli, kile kinachokatika katikati kutafuta pumzi, na hakuna aliyekuwa anambembeleza. Na juu ya kilio, mdogo wangu alikuwa anacheka. Kicheko kile sijamsikia nacho tangu akiwa na meno ya utotoni.

Nikagonga.

"Subiri, dada, usikate," nikamsikia anasema ndani. "Kuna mtu anagonga." Kisha akapaza sauti, ile ya kumsemesha mgeni. "Nani?"

"Ni mimi," nikasema. "Dada yako."

Kicheko kilikoma. Nyayo zikaja, zikasimama upande wa pili wa mlango, karibu kiasi kwamba nilimsikia akihema. Nikaweka kiganja kwenye chuma. Nilimwita kwa jina la utotoni, lile ambalo mimi na mama peke yetu tulimwita. Nikamwambia, mwanangu, nifungulie, nimekuja mwenyewe, na miguu yangu. Alikuwa ananong'ona kwenye simu, anauliza kitu, kisha ananyamaza asikilize.

"Sawa, dada," akasema, na akaufungia mlango kwa komeo la pili.